Mali Iliyosimamishwa: David Hamburg na Gharama ya Kuzuia Vita



Mwenye mali wa Lamu, Mombasa au Unguja alipotaka shamba lake la minazi liendelee kutoa sadaka baada ya yeye kufa, aliliweka wakfu. Kuanzia siku hiyo shamba haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi. Kinachotumika ni nazi zake tu: kwa taa za msikiti, kwa kisima, kwa mwalimu wa madrasa. Asili ya neno lenyewe katika Kiarabu ni kusimama, na maana hiyo ndiyo ninayoitaka leo: mali husimamishwa ili manufaa yake yatembee. Mali ya namna hii hununua kitu ambacho bajeti ya serikali na faida ya biashara hushindwa kukinunua, nacho ni muda. Hoja yangu ni kwamba katika kazi ya amani na usalama wa mataifa, fedha za wakfu hufaa kitu pale zinapotangulia hatari, zikamlipa mtu afikiri, apime na aandike wakati wenye mamlaka hawajaona sababu ya kumsikiliza. Na ili zitangulie hivyo, mgawaji wake awe mtu aliyezoea kulikalia swali moja kwa miaka, yaani msomi. Nitaipima hoja hiyo kwa kazi ya mtu mmoja, David Hamburg, daktari wa magonjwa ya akili aliyeuongoza Wakfu wa Carnegie wa New York hadi mwaka 1997, na aliyefariki mwaka 2019.

Hamburg alizaliwa Evansville, jimbo la Indiana nchini Marekani, mwaka 1925, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1961 alikabidhiwa idara ya magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako alichunguza jinsi mwili na akili vinavyobeba misukosuko, na jinsi uchokozi unavyozaliwa. Swali hilo la pili ndilo lililomleta Tanzania. Jane Goodall alikuwa akiwafuatilia sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1960, na Hamburg aliiunganisha Stanford na kituo hicho ili wanafunzi waende kujifunza. Kuanzia mwaka 1974 watafiti wa Gombe walishuhudia jambo ambalo hawakulitarajia: kundi la sokwe lililokuwa moja likagawanyika, kisha upande mmoja ukawavizia na kuwaua madume wa upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka ipatayo minne. Kabla ugomvi huo wa sokwe haujaisha, ule wa binadamu ulivuka ziwa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha walitoka Zaire wakawateka watafiti vijana wanne. Walikuwa wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, wenye ngome katika milima ya Fizi, na madai yao yalikuwa fedha, silaha na kufunguliwa kwa wenzao waliokuwa wameshikwa Tanzania. Hamburg alikuja mwenyewe kushiriki katika mazungumzo, ambayo yalichukua zaidi ya miezi miwili hadi wote wanne wakawa huru. Mwaka huohuo aliteuliwa kuiongoza Taasisi ya Tiba ya Marekani, mwaka 1980 akahamia Harvard, na mwaka 1982 akachaguliwa kuwa rais wa Wakfu wa Carnegie. Sitaki kuufanya utekaji ule kuwa chanzo cha kila alichofanya baadaye, maana maisha ya mtu hayafungwi kwa fundo moja. Lakini ni haki kusema kwamba alipokaa kwenye kiti cha mgawa ruzuku alikuwa ameshaiona vita katika sura mbili, ya daftari la mtafiti na ya watu wenye bunduki.

Wakfu aliokabidhiwa ulianzishwa mwaka 1911 na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma. Mwaka 1983, alipokuwa anaanza kazi, Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa na makumi ya maelfu ya vichwa vya nyuklia, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilidunguliwa na Wasovieti, na mazungumzo ya kupunguza silaha yakakatika. Hamburg alianzisha mpango wa ruzuku wa kuepusha vita vya nyuklia, na namna alivyoupanga ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Tatizo hilo lilikuwa limeachiwa wanafizikia na wanajeshi. Yeye aliwaketisha pamoja nao wanasaikolojia, wanahistoria na wataalamu wa siasa, kwa hoja ya kitabibu kwamba bomu halijirushi. Linarushwa na mtu aliyechoka, aliyeogopa, au aliyeelewa vibaya ujumbe wa adui usiku wa manane. Alifadhili timu katika Harvard, Stanford na taasisi ya Brookings, akafadhili mikutano ya wanasayansi wa Marekani na wa Kisovieti, na jambo la tatu, ambalo wafadhili wengi hulisahau, akafadhili programu ya seneta mstaafu Dick Clark katika Taasisi ya Aspen, iliyowakutanisha wabunge wa vyama vyote viwili na wataalamu, mwaka baada ya mwaka, mbali na kamera. Kwa hiyo fedha zilikwenda pande mbili. Upande mmoja zilimlipa anayejua, na upande wa pili zikaitunza njia itakayomfikisha kwa anayeamua.

Majira ya kuvuna yalifika ghafla. Agosti 1991 jaribio la mapinduzi mjini Moscow lilishindwa, na dola lenye silaha nyingi kuliko yote duniani likaanza kumeguka. Silaha zake zilikuwa zimetawanyika: Ukraine peke yake ilikuwa na vichwa vya masafa marefu takriban 1,900, na vingine vilikuwa Kazakhstan na Belarus. Seneta Sam Nunn alikwishajaribu, pamoja na mbunge Les Aspin, kupitisha msaada wa dola bilioni moja. Pendekezo hilo lilifia njiani, kwa kuwa wapiga kura wa Marekani hawakuona kwa nini wamlipe adui wa jana. Mwezi Novemba timu ya Harvard, iliyokuwemo Ashton Carter, ilikamilisha uchunguzi wa hatari ya silaha hizo katika nchi inayovunjika. Hamburg aliwakutanisha Carter, William Perry wa Stanford na John Steinbruner wa Brookings na maseneta Nunn na Richard Lugar. Siku chache baadaye maseneta hao wakawaita wenzao kwenye kifungua kinywa ili waelezwe mambo yaleyale. Kabla ya Novemba kuisha, Seneti ikapitisha pendekezo kwa kura 86 dhidi ya 8, na sheria iliyotokana nalo ikaruhusu hadi dola milioni 400 za bajeti ya ulinzi zitumike kuziteketeza na kuzilinda silaha za Wasovieti. Kufikia mwisho wa mwaka 1996 Ukraine, Kazakhstan na Belarus hazikuwa na kichwa hata kimoja, na kwa jumla, kadiri miaka ilivyopita, zaidi ya vichwa 7,600 viliondolewa kazini chini ya mpango huo. Sheria ile inaitwa kwa majina ya Nunn na Lugar. Jina la Hamburg halimo, na ndivyo ilivyo kazi ya mgawa ruzuku: anayeingia humo anakubali kuacha kuandika vitabu vyake ili vya wengine viandikwe kwa wakati.

Mtu makini atasema hapa kwamba ninausifu mkono uliobahatika. Umoja wa Kisovieti ungesambaratika hata kama Harvard isingeandika lolote, na maseneta wawili wenye nguvu walikuwa tayari wanatafuta njia. Nakubali kwamba bahati ilikuwepo. Lakini tazameni muda wenyewe. Pendekezo la kwanza lilikufa na la pili likapita ndani ya wiki chache, na katika wiki hizo hakuna mtu angeweza kuanza kuunda timu ya kuchunguza mifumo ya ulinzi wa silaha za Kisovieti, sembuse kujenga uaminifu kati ya wataalamu na wabunge. Kilichotumika katika wiki hizo kilikuwa kimelipiwa kwa miaka minane, wakati hakuna aliyejua kitatumika lini. Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamwonya mwenye nyumba. Haisemi ni nani amlipe fundi wa kuukagua ukuta kila mwaka, hata miaka ambayo ufa hauonekani. Bajeti ya serikali hailipi fundi huyo kwa moyo, kwa sababu kila mwaka kuna paa linalovuja mahali pengine.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu unatoka mahali ambapo jambo halikufaulu, na mahali hapo ni jirani yetu. Mei 1994 Wakfu wa Carnegie uliunda Tume ya Kuzuia Migogoro ya Mauaji, ikiongozwa na Hamburg pamoja na Cyrus Vance, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Olara Otunnu wa Uganda. Mwezi ule tume ilipozaliwa, Rwanda ilikuwa inaangamia. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 1993. Tarehe 11 Januari 1994 kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, Roméo Dallaire, alituma New York taarifa ya silaha zilizofichwa na mipango ya kuua, akaomba kuzikamata, akakataliwa. Mauaji yalianza baada ya ndege ya rais kutunguliwa tarehe 6 Aprili, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likakipunguza kikosi chake hadi askari 270. Watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku takriban 100. Baadaye tume ya Hamburg, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Georgetown na Jeshi la Marekani, iliwakutanisha maafisa wa kijeshi wa ngazi za juu ili walipime dai la Dallaire kwamba askari 5,000 wangetosha. Ripoti ya Kanali Scott Feil, ya mwaka 1998, ilikubali kwamba kikosi cha ukubwa huo, chenye mamlaka na vifaa, kingeweza kuzuia sehemu kubwa ya maafa kama kingetumwa kati ya tarehe 7 na 21 Aprili.

Hapo ndipo pingamizi gumu linapoinuka. Rwanda haikukosa maarifa. Machi 1993 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti ya uchunguzi wa kimataifa, Agosti mwaka huo mtaalamu wa Umoja wa Mataifa akaonya, na Januari 1994 likaja onyo la Dallaire. Kama maarifa yalikuwepo na watu wakafa, wakfu na wasomi wake wana faida gani? Jibu langu ni kwamba tunachanganya maarifa ya aina mbili. Kuna kujua kwamba hatari inakuja, na kuna kujua la kufanya: askari wangapi, watoke wapi, kwa mamlaka gani, kwa gharama gani, na nani atabeba lawama wakifa. Mwaka 1991 aina zote mbili zilikuwa mezani kwa pamoja, mbele ya watu wenye kura. Mwaka 1994 aina ya kwanza ilijaa makabati, ilhali ya pili iliandikwa miaka minne baadaye. Nasema hivi bila kuifuta hatia ya wenye mamlaka. Washington ilikuwa imetishwa na vifo vya askari wake 18 mjini Mogadishu Oktoba 1993, Ubelgiji iliondoa kikosi chake baada ya askari wake kumi kuuawa, na wengine waliangalia pembeni. Fedha za wakfu hazinunui utashi wa kisiasa. Ila utashi hudhoofika haraka mbele ya neno “haiwezekani”, na kazi ya mtafiti aliyelipwa mapema ni kumnyima kiongozi nafasi ya kulitamka neno hilo.

Ripoti kuu ya tume ilitoka Desemba 1997. Iligawa kuzuia vita katika sehemu mbili: hatua za dharura mgogoro unapokaribia kulipuka, na kazi ya muda mrefu ya kurekebisha ukosefu wa haki, usalama na riziki. Utafiti wa kitabu kilichotokana na tume hiyo ulikadiria kwamba jumuiya ya kimataifa ilitumia dola bilioni 200 hivi katika hatua saba kubwa za miaka ya 1990, kuanzia Bosnia hadi Somalia na Rwanda, na kwamba kuzuia mapema kungeokoa karibu dola bilioni 130. Kofi Annan alizinukuu hesabu hizo mwaka 2001 katika ripoti yake kwa Umoja wa Mataifa. Wako wanaozipinga, na wana sababu, kwa kuwa vita ambayo haikutokea haina risiti. Mimi pia nisingejenga hoja nzima juu ya tarakimu hizo. Lakini ugumu huu madaktari wanaujua tangu zamani. Hakuna awezaye kumwonyesha mtoto fulani ambaye angekufa kwa surua kama asingechanjwa, na bado tunachanja. Hamburg alitoka katika taaluma iliyozoea kufanya kazi bila kumwona mtu iliyemwokoa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya uvumilivu wake. Mfadhili anayedai matokeo ya kuhesabika kila baada ya miezi 18 hawezi kukaa katika fani hii. Mwaka 2021 Wakfu wa MacArthur, uliokuwa mfadhili binafsi mkubwa kuliko wote wa utafiti wa silaha za nyuklia, ulitangaza kwamba unafunga mpango wake. Februari iliyofuata Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi makubwa, na viongozi wake wakaanza kutaja silaha hizo hadharani.

Ukraine inaleta swali lake: je, kuinyang’anya vichwa vile hakukuiacha uchi? Silidharau. Ila funguo na amri za silaha hizo zilikuwa Moscow, na njia ya pili ilikuwa nchi changa na maskini kuvunja mifumo ya dola kubwa ili izimiliki. Kosa la makubaliano yaliyotiwa saini Budapest mwaka 1994, Ukraine ilipokubali kuachana na silaha hizo, lilikuwa kutoa ahadi za usalama zisizo na mtekelezaji. Kosa hilo ni la waliotia saini.

Pingamizi ninaloliogopa kuliko yote linahusu mamlaka. Nani alimchagua Hamburg? Kwa nini mali ya tajiri wa chuma wa karne ya 19 iamue watafiti wa nani wasikilizwe? Historia ya wakfu wenyewe inatoa onyo kali. Kati ya mwaka 1929 na 1932 ulifadhili uchunguzi wa umaskini wa Wazungu nchini Afrika Kusini. Kazi hiyo ilifanywa na wasomi na kuchapishwa kwa juzuu kadhaa, na ikawa chakula cha siasa za ubaguzi, kwa kuwa iliuliza jinsi ya kumwinua Mzungu maskini ikampita Mwafrika maskini kama hayupo. Miaka 50 baadaye wakfu uleule ulifadhili uchunguzi wa pili, chini ya Francis Wilson wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mara hii macho yalielekezwa kwa walio wengi, na mwaka 1989 Wilson na Mamphela Ramphele wakachapisha kitabu kilichoonyesha wazi jinsi sheria za ubaguzi zilivyoutengeneza umaskini huo. Mfuko ni mmoja na bara ni lilelile. Kilichobadilika ni swali, na watu walioruhusiwa kuliuliza. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba msomi akikaa kwenye kiti cha mgawaji basi haki imepatikana. Ninachosema ni kwamba swali ndilo linaloamua, na swali huwa salama zaidi linapochapishwa, likapingwa hadharani, na likawa na mfadhili zaidi ya mmoja. Mkono mtupu haulambwi: mtafiti mwenye mfadhili mmoja tu hujifunza upesi mambo gani asiyaandike.

Onyo hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Kituo cha Uongozi wa Afrika chenye makao Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa juhudi za Profesa ’Funmi Olonisakin, na mtandao wa watafiti wa ujenzi wa amani Afrika ulioanza mwaka 2012, vimewapa vijana wetu nafasi za kweli. Vyote viwili vimetegemea fedha za Carnegie. Nashukuru kwa fedha hizo, na bado nauliza itakuwaje bodi ya New York ikibadili nia kama ilivyobadili ya MacArthur. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Kigali kutoza asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa zinazoingia kutoka nje ya bara, na Mfuko wa Amani ukawekewa lengo la dola milioni 400. Kiasi hicho ni sawa na kile ambacho sheria ya Nunn na Lugar ilikiruhusu mwaka 1991. Mfuko una madirisha matatu: upatanishi na diplomasia ya kuzuia, uwezo wa taasisi, na operesheni za kusaidia amani. Dirisha la kwanza ndilo lenye haki ya kuitwa wakfu, na ndilo litakalokuwa la kwanza kukaushwa operesheni zikipamba moto. Napendekeza sehemu yake isimamishwe kama shamba la minazi lilivyosimamishwa, mtaji wake usiguswe, na mazao yake yagawiwe na jopo la wasomi wa bara hili kwa utafiti wa miaka mitano au saba, na matokeo yote yachapishwe.

Kwa nini miaka mitano? Kwa sababu mgogoro huishi muda mrefu kuliko mkataba wa mtafiti. Mwaka uleule wa 1997 ambao ripoti ya Hamburg ilitoka, Kabila aliingia Kinshasa akiwa rais, na mwaka uliofuata vita vya pili vya Kongo vikaanza. Milima ya Fizi ambako mateka wa Gombe walifichwa bado ina makundi yenye silaha, na makundi hayo huzungumza Kiswahili kinachoeleweka Kigoma, Uvira na Bujumbura. Watafiti wa Bukavu wanaoyafahamu kwa majina na koo zao wameandika wazi jinsi wanavyoajiriwa kwa mikataba ya wiki chache na miradi ya nje, wakakusanya habari chini ya hatari, kisha uchambuzi ukafanywa kwingine na majina yao yakaachwa. Mkataba ukiisha mtafiti huondoka kijijini, na kiongozi wa kundi aliyeanza kumzoea akampa habari za mwezi uliopita hana tena wa kumpa za mwezi huu.